Birika la Mjukuu Wangu na Kisima cha Babu Yake

Ijumaa moja mwezi uliopita, baada ya chakula cha mchana, tulikaa chini ya mitende ya shemeji yangu huko Barka, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Mjukuu wangu, aliye mwaka wa mwisho chuo kikuu hapa Oman, alikuwa amesimama mbele yetu na daftari lake. Nyuma yake mabirika matatu ya plastiki, mawili kati yake yana maji ya kijani kama mchicha uliosagwa. Shemeji, mzee wa miaka 79, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mama, haya maji yako yatakirudisha kisima changu?"

Nataka niwasimulie jawabu alilolipata, na namna mie mwenyewe, mwalimu niliyesomesha sayansi miaka 31, nilivyotaka jawabu hilo lifichwe. Nasimulia kwa sababu wengi wetu tuna kipande cha shamba la urithi Batinah, au tuna kijana nyumbani anayefanya utafiti wa chuo, au vyote viwili.

Kisima kilivyoingia bahari

Batinah ni ule ukanda wa pwani unaotoka karibu na Muscat ukapanda mpaka kwenye mpaka wa Imarati. Zamani maji ya mashamba yalitolewa kwa ng'ombe. Mnyama anashuka mteremko akivuta kamba, na ndoo ya ngozi inapanda kisimani. Waarabu wa hapa mtambo ule wakiuita zajra. Ng'ombe akichoka, hupumzishwa, na kisima nacho hupumzika. Kisha zikaja pampu za dizeli na za umeme, hasa kuanzia miaka ya 1970, na pampu haina kuchoka.

Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi zaidi. Ukiyavuta matamu kuliko mvua inavyoyarudisha, bahari inasogea ndani, chini kwa chini. Huioni. Unakuja kuijua pale ndimu zinapoanza kukauka ncha za majani. Na katika Oman nzima, kilimo ndicho kinachotumia zaidi ya asilimia 80 ya maji matamu, basi tatizo la shamba si la mwenye shamba peke yake.

Shemeji alizaliwa Pemba, akaja Oman katika miaka ya 1970 akiwa kijana. Shamba hili la baba yake alilikuta na ndimu, maembe, mapera na mitende. Ndimu zilitangulia kufa, zikafuata embe. Mitende imebaki, maana mtende huvumilia chumvi kuliko miti mingi. Wanawe wanamwambia auze, kuwe viwanja vya nyumba. Yeye hajasema ndiyo wala la. Amebakisha ng'ombe saba, banda moja la nailoni la matango, na mashine ndogo ya kutoa chumvi inayomlisha banda hilo. Bili ya umeme ya mashine ile ndiyo inayomfanya asome barua akiwa amekaa.

Maji yanayomwagwa

Mjukuu wangu alianzia hapo hapo kwenye banda. Matango yale hayapandwi kwenye udongo. Yamo ndani ya mifuko, na maji yaliyotiwa mbolea yanadondoka kwenye kila shina kwa kibomba chembamba. Katika kilimo cha namna hii, robo hivi ya maji huachwa yapite mpaka chini makusudi, ili chumvi isirundikane kwenye mizizi. Maji hayo yaliyopita yanakwenda wapi? Kwa shemeji yalikuwa yanamwagwa mchangani nyuma ya banda. Maji aliyoyalipia umeme, na mbolea aliyoinunua kwa riali, vyote pamoja.

Upande wa pili kuna maji ya kuoshea zizi la ng'ombe, meusi na yenye harufu. Hayo nayo yalikuwa yanaachwa yajifukie ardhini.

Mbolea inayopotea namna hiyo haiishi kwa kutoonekana. Nitrati inayeyuka kwenye maji na kushuka nayo mpaka visimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya chupa kwa maji ya kisima, maana ikizidi inaizuia damu kubeba oksijeni. Basi shemeji alikuwa akipoteza fedha yake na huku akimtilia jirani kitu kibaya kisimani, na hana habari.

Mwani gani huo?

Tukisema mwani, sisi watu wa pwani tunafikiria ule wa Paje na Jambiani, ambao akina mama wa Unguja wameulima kibiashara tangu 1989. Huu wa mjukuu wangu ni jamaa wa mbali wa ule. Ni chembe moja moja, ndogo mno. Aina anayoitumia, klorela, ukizipanga chembe zake msitari mmoja, kama 200 zinaingia ndani ya milimita moja. Ndiyo ile rangi ya kijani unayoiona kwenye beseni la maji lililosahauliwa juani.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Chembe ile inakula kile kile kinacholiwa na tango: naitrojeni, fosforasi, hewa ukaa na mwanga wa jua. Ikiwekwa kwenye maji yenye mbolea, inaivuta mbolea na kuigeuza mwili wake. Mchana inatoa oksijeni. Bakteria wanaichukua oksijeni hiyo na kuutafuna uchafu wa kinyesi, na wakiutafuna wanatoa hewa ukaa, ambayo mwani unaihitaji. Wanalishana. Mhandisi mmoja wa Marekani, William Oswald wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliueleza ushirika huo tangu miaka ya 1950, akatengeneza mabwawa ya kina kifupi yanayozungushwa maji polepole kwa gurudumu la mapanga, ili kila chembe ipate zamu yake ya jua.

Basi si uvumbuzi wa jana. Kinachowapeleka wanafunzi wa nchi nyingi kuurudia ni kwamba kila mahali pana maji yake, jua lake na adui zake, na jawabu la California halihamishiki Barka kama godoro.

Na mwani huo huo ukiwa mahali pasipo pake ni balaa. Tuliokuwepo hapa 2008 na 2009 tunaikumbuka bahari ilivyogeuka rangi, samaki wakafa kwa wingi ufukoni, na mitambo ya kutoa chumvi maji ya bahari ikalazimika kusimama. Wale walikuwa aina nyingine, tena hatari, lakini nao ni mwani. Ndiyo maana mjukuu wangu hakuwahi kumwaga hata kikombe cha birika lake mferejini.

Mabirika matatu na leso moja

Aliyapanga hivi. Birika la kwanza, maji ya banda peke yake. La pili, maji ya zizi peke yake. La tatu, mchanganyiko wa hayo mawili, baada ya kuyaacha ya zizi yatulie siku nzima mpaka mashapo yakakaa chini. Kila birika akalitia pampu ndogo ya hewa, ile ya kwenye matangi ya samaki wa mapambo, na mbegu ya klorela aliyopewa chuoni.

La pili lilikufa. Maji ya zizi ni meusi, jua haliingii, na amonia yake ilikuwa kali mno hata kwa mwani. Nikamwambia afadhali, umejifunza. La kwanza lilikwenda polepole lakini lilikwenda. La tatu ndilo lililotutia furaha. Kwa wiki moja lilikuwa la kijani kibichi, harufu ya zizi imekwisha, na vile vikaratasi vya kupimia nitrati, ambavyo mwanzo vilikuwa vikigeuka waridi iliyokolea, vikawa vyeupe karibu kabisa.

Halafu asubuhi moja akanipigia simu analia. Birika la tatu limekuwa maji ya kahawia, safi kama chai ya rangi. Alipotia tone kwenye hadubini akaona vijidudu vya maji vikiogelea vimeshiba. Vimeula mwani wote kwa siku mbili. Ndivyo yanavyokuwa mabwawa ya wazi: ukilima kitu, yuko na wa kukila. Akaanza upya, na safari hii akalifunika birika kwa chandarua cha nyavu ndogo na kupima kila asubuhi.

Kisha likaja suala la kuuvuna, na hapo niliingia mie na utaalamu wangu. Nikampa leso yangu kuukuu, nzito, nikamwambia chuja. Yalipita yote, ya kijani vile vile, leso ikabaki na rangi tu. Chembe inayoingia mara 200 kwenye milimita itazuiliwa na leso? Nilicheka peke yangu. Nimesomesha hadubini miaka yote hiyo.

Waliosoma mambo haya wanakuambia kwamba kuvuna ndiko kunakokula fedha nyingi katika miradi ya mwani. Chembe ni ndogo, zinaelea, hazitaki kushuka. Tulichofanya ni kurudi kwa wazee. Mnaikumbuka shabu, ile mama zetu wakiizungusha kwenye mtungi maji ya mvua yakiwa na tope? Shabu hiyo hiyo inazikusanya chembe za mwani zikashikana na kuzama. Akatia kidogo, akakoroga, akangoja, na chini pakakaa uji wa kijani. Ila anaonya: uji uliozamishwa kwa shabu una alumini ndani yake, usimpe ng'ombe. Wengine hutumia dawa inayotengenezwa kwa maganda ya kamba, lakini hiyo ni ghali na yeye hakuwa na fungu.

Uji ule ukikauka unakuwa mbolea. Kwa kawaida kilo 100 za mwani mkavu zina kiasi cha kilo 7 za naitrojeni, sawa na mfuko mdogo wa kilo 15 wa urea. Msisimke. Yeye kwenye birika lake alipata unga wa kujaza kikombe cha chai.

Ukurasa niliotaka utolewe

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Siku tatu kabla ya Ijumaa ile alinisomea ripoti. Kulikuwa na ukurasa mmoja wa vipimo vya chumvi. Alipima kwa kile kidude cha kuchovya majini, mwanzo wa kila wiki na mwisho. Chumvi haikupungua. Iliongezeka. Kidogo, lakini kila wiki iliongezeka. Sababu ni wazi: jua la hapa linayakausha maji ya birika, na chumvi haikauki nayo, inabaki. Klorela hailiwi chumvi ya bahari. Inakula mbolea.

Nikamwambia, "Mwanangu, ukurasa huu ni wa lazima? Mada yako ni nitrati. Zungumzia nitrati. Mzee amekuwa akija hapa kila asubuhi kuangalia mabirika haya kama anayengoja mgonjwa aamke. Usimwambie chumvi imezidi."

Akaniangalia. "Bibi, si wewe uliyenihadithia ya yule Sista wako?"

Kweli nilimhadithia. Nilisoma sekondari ya misheni, Mombasa, msichana wa Kiislamu kati ya masista, na mwalimu wetu wa kemia aliwahi kunirarulia ukurasa wa daftari mbele ya darasa. Jaribio langu halikutoa rangi iliyokuwa kitabuni, na mie nikaandika rangi ya kitabuni. Aliniambia niandike nilichokiona. Nilikuwa na miaka 16 na niliona haya mpaka likizo. Kisha miaka 31 nikawaambia wanafunzi wangu maneno yale yale, na nilipofika uzeeni, kwa huruma ya shemeji yangu, nikataka kumfundisha mjukuu wangu kinyume chake.

Ukurasa ulibaki.

Alichomjibu

Basi Ijumaa ile, mzee alipouliza kama maji yatakirudisha kisima, mjukuu wangu aliliweka daftari chini akachuchumaa karibu na kiti chake.

"La, babu. Mwani hautoi chumvi. Ndani ya birika chumvi ilizidi kidogo. Kisima hakitorudi kwa hili."

Hakuna aliyesema kitu. Mwanawe mkubwa aliangalia kikombe chake. Mie niliangalia mchanga.

Kisha mzee akauliza jengine, na hili hata mie mwalimu halikunipitia kichwani. "Na haya maji ya matango, ambayo yana mbolea ndani, mbona nisiyapeleke kwenye mitende moja kwa moja? Mwani wa nini?"

Akasema, "Hapo una haki, babu. Maji yako ya banda yametoka kwenye mashine, chumvi yake ni ndogo kuliko ya kisimani. Wakati mitende ina njaa, yapeleke moja kwa moja, huhitaji mwani. Nimeandika hivyo. Mwani unakufaa kwa mambo mawili. La kwanza ni maji ya zizi, ambayo huwezi kuyatia kwenye vibomba vya mitende, yataziba na yana vijidudu. La pili ni wakati mitende haihitaji mbolea yote ile, ambapo ukiyamwaga vile vile yanakwenda kisimani kwa jirani. Na kila birika unalolitumia mara ya pili ni birika ambalo hukulivuta kisimani. Ukivuta kidogo, bahari inasogea polepole. Hairudi nyuma kwa shamba moja, babu. Lakini inasogea polepole."

Mzee akanyamaza kitambo. "Polepole kiasi gani?"

"Hilo halipimwi kwa mabirika matatu."

Wallahi, sijapata kuona mtihani mgumu kuliko huo, na hauna alama.

Kwa wenye shamba na wenye wanafunzi

Baada ya hapo jamaa walitaka kujua la kufanya. Nayaandika hapa kama alivyotueleza, pengine yatamfaa mtu.

Anza kwa kupima. Kidude cha kupimia chumvi na vikaratasi vya nitrati si vitu vya maabara kubwa, na bila ya hivyo unabahatisha. Pima kisima, pima maji yanayotoka bandani, pima ya zizini. Huenda ukakuta, kama shemeji, kwamba maji unayoyamwaga ni matamu kuliko unayoyavuta.

Usiyatumie maji ya zizi yaliyopita kwenye mwani kwa mboga za kuliwa mbichi. Jua na mwani vinapunguza vijidudu vya kinyesi, lakini havivimalizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 juu ya maji machafu mashambani unataka kinga zaidi ya moja: kuyasafisha, kuchagua zao, kumwagilia chini kwa matone na si kwa kurusha, na kuosha au kupika. Mitende na majani ya mifugo ndiyo pa kuanzia, na hata hayo majani uyaache yakauke kwanza. Ulizia pia sheria za wizara kabla hujachimba bwawa.

Bwawa liwe la kina kifupi, lisipungue mwendo wa maji, na lifunikwe kwa wavu wakati wa joto. Maji ya zizi yachanganywe kwanza na yenye mwanga. Na ukiletewa mtu anayekuuzia mwani wa kuondoa chumvi kisimani, mwagie kahawa, mwambie Mungu amjaalie, umfungulie mlango aende.

Kwa wenye vijana vyuoni: waombeni wawasomee ripoti zao, pamoja na ukurasa ule wa katikati unaochosha. Hapo ndipo pana kazi yenyewe.

Shamba halijauzwa wala halijasalimika. Wanawe bado wanalizungumzia, na mie simlaumu hata mmoja. Nao wana watoto wa kusomesha. Lakini yale maji ya banda hayamwagwi tena mchangani. Shemeji alimwita fundi akavuta bomba kutoka bandani mpaka kwenye safu ya mitende ya upande wa magharibi, ile aliyoipanda baba yake.

Na mjukuu wangu yuko kwenye mitihani. Juzi nilimpigia simu shemeji baada ya sala ya alfajiri kumjulia hali, nikasikia maji yanakorogwa. Nikamwuliza anafanya nini saa hizo. Akaniambia pampu ya hewa imekufa tangu jana, na mtoto yuko mtihanini hataki kumsumbua, basi anakoroga birika kwa upawa wa pilau mpaka fundi aje.